Nusu ya Pili ya Mhadhara wa Torgunn Hauglid

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, kaeni nasi. Leo tunamkumbuka Torgunn Hauglid.

Torgunn alifundisha historia ya mawazo katika chuo cha hapa mjini kwa miaka thelathini na moja. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na minane. Ijumaa tulimzika.

Baadhi yenu mnamjua kwa mihadhara yake. Alikuwa mwalimu wa kwanza wa chuo kile kuweka masomo ya insia mtandaoni: historia, falsafa, dini, fasihi. Aliyaweka bure, kwa yeyote aliyetaka kusikiliza. Baadhi yenu mnamjua kwa jambo jingine. Mnakijua kile kipande kifupi kilichozunguka kwenye simu za watu, ambacho Torgunn anasikika akisema kwamba kumwachisha mtoto wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwei, lugha yake ni kumtendea wema.

Alisema maneno hayo. Nalitamka hili mapema ili lisitusumbue baadaye. Aliyasema kwa sauti yake, mbele ya watu, kamera ikiwa imewashwa. Lakini aliyasema katika nusu ya kwanza ya mhadhara. Kipindi cha leo kinahusu nusu ya pili.

Torgunn alizaliwa katika shamba dogo upande wa pili wa ghuba. Ng'ombe wachache, kondoo, na mteremko ambao mashine za kukata majani hazikuuweza. Walikuwa watoto wawili, yeye na mdogo wake Oddgeir, ambaye alifanya kazi kwenye vizimba vya samaki mpaka alipostaafu. Oddgeir alinieleza jinsi baba yao alivyowalea mezani.

"Kikibaki kipande kimoja cha samaki, baba hakukigawa," Oddgeir alisema. "Alisema kila mmoja amtetee mwenzake. Mimi nieleze kwa nini dada akile, na dada aeleze kwa nini nikile mimi. Mwenye hoja nzuri anamlisha mwenzake. Basi dada alinitetea, jamani! Alinitetea mpaka mama akafuta machozi. Nikala mimi. Dada alininunia wiki nzima."

Nilimuuliza kama yeye alijaribu kumtetea vizuri dada yake.

"Mimi? Nilisema, 'Torgunn ana miguu mirefu, inahitaji chakula.' Nilikuwa na njaa, bibi, sikuwa na ujinga."

Torgunn alikwenda mjini kusoma, akarudi na shahada ya uzamivu. Mnajua utetezi wa tasnifu unavyofanyika kwetu. Mlango unaachwa wazi. Wapinzani wawili walioteuliwa wanamhoji mtahiniwa. Kisha msimamizi anauliza kama yupo mtu yeyote ukumbini anayetaka kupinga. Mtu yeyote: mwanafunzi, jirani, mpita njia aliyeingia kujikinga na mvua. Huyo ndiye mpinzani kutoka ukumbini. Siku hizi ni nadra mtu kusimama. Watu hutazama saa, kwa sababu chakula kinawasubiri. Lakini Torgunn aliipenda sheria hiyo kuliko sheria nyingine zote za chuo. Alisema elimu isiyokuwa na mpinzani kutoka ukumbini ni mahubiri.

Akajenga mihadhara yake juu ya sheria hiyo. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatokana na utaratibu huu.

Mihadhara yake ilikuwa Alhamisi, na kila mhadhara ulikuwa na nusu mbili. Katikati ilikuwa kahawa. Kabla ya kahawa, Torgunn alizungumza kama mtu wa zamani anayemfundisha. Hakuzungumza kuhusu mtu huyo. Alizungumza kama yeye, kwa hoja zake zilizo bora kabisa, bila kukonyeza jicho, bila kuweka "eti". Kama ni hakimu aliyewachoma wanawake kwa uchawi, alikuwa hakimu. Kama ni padri aliyepinga wanawake kupiga kura, alikuwa padri. Kisha watu walitoka, wakanywa kahawa, wakala mikate ya mdalasini, wakakasirika. Baada ya kahawa walirudi na kumpinga. Naye alibomoa pamoja nao, tofali kwa tofali, kila alichokuwa amekijenga.

"Dada yangu alidanganya watu saa nzima," Oddgeir alikuwa akisema, "halafu akalipwa mshahara kwa kuukanusha uongo wake mwenyewe. Kazi kama hiyo mimi sikuipata kwenye samaki."

Sasa aingie mtu wa tatu. Eilif Tangvald alikuwa mwanafunzi wa Torgunn, kisha msaidizi wake, kisha rafiki wa nyumbani. Ndiye aliyemfundisha binti wa Torgunn, Synne, kuteleza kwenye theluji. Kila Krismasi alikuwa na kiti chake mezani kwao. Eilif ndiye aliyekuja na wazo la mtandao. Synne anayakumbuka mazungumzo yale, kwa sababu yalifanyika jikoni kwao.

"Eilif alisema, 'Torgunn, unawafundisha watu arobaini. Huko nje wako watu elfu arobaini.' Mama akamwambia, 'Elfu arobaini hao watakunywa kahawa wapi?' Wakacheka sana."

Lilikuwa swali la maana kuliko walivyodhani. Katika nusu ya pili wazungumzaji walikuwa watu wa ukumbini, na sheria ya faragha inataka idhini ya kila mtu ambaye sauti yake inatangazwa. Kupata idhini hizo kila wiki kulikuwa kazi kubwa. Wakakubaliana hivi. Eilif angerekodi mhadhara mzima, nusu zote mbili. Mtandaoni angeweka nusu ya kwanza tu. Nusu za pili angezihifadhi mpaka idhini zipatikane. Na mwanzoni mwa kila rekodi pangekuwa na maandishi makubwa: hii ni nusu ya mhadhara, hapa mwalimu anazungumza kwa niaba ya mtu mwingine, na anayoyasema yalipingwa baada ya kahawa.

Hayo ndiyo makubaliano yao. Nusu ya kwanza mtandaoni, nusu ya pili hifadhini, na maandishi ya tahadhari mwanzoni. Hayakuandikwa popote. Kati ya watu wawili waliokula Krismasi pamoja, nani angeyaandika?

Mihadhara ikaenda mbali. Waliisikiliza madereva wa malori, wafungwa, wagonjwa, walimu waliostaafu. Na kaskazini kabisa, Karasjok, aliisikiliza muuguzi wa nyumba ya wazee aitwaye Ravna Guttorm. Ravna ni Msami. Aliisikiliza akikunja mashuka, na akiwa na swali aliliandika chini ya mhadhara. Torgunn alimjibu kila mara. Waliulizana na kujibizana hivyo kwa miaka sita, bila kuonana. Ravna alikubali kuzungumza nami kwa simu.

"Nilikuwa namwita mwalimu wangu," alisema. "Wenzangu kazini walinitania, 'Ravna, leo profesa wako kakuambia nini?' Mimi sikusoma chuo kama kile. Yeye alinijibu kama mtu aliyekaa safu ya mbele."

Mwaka wa sita wa mihadhara ile mtandaoni, Torgunn alifundisha kuhusu sera ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwei. Alhamisi ile alikuwa mkaguzi wa shule wa miaka ya 1900 mwanzoni. Alieleza kwa upole kabisa kwa nini watoto wawekwe bweni, mbali na wazazi, na kwa nini wasiruhusiwe kusema Kisami hata uani. Mkaguzi wake hakuwa katili. Alikuwa baba. Alisema dunia inakuja na vitabu, meli na ofisi, na haizungumzi Kisami. Alisema anayewapenda watoto hawa atawapa ufunguo wa dunia, hata wakilia. Kumwachisha mtoto lugha hii, alisema, ni wema unaouma, kama kung'oa jino.

Ikaja kahawa. Baada ya kahawa, kwa mujibu wa watu wanne waliokuwapo na ambao nimezungumza nao mmoja mmoja, mwanafunzi wa ualimu alisimama na kuuliza: "Bwana mkaguzi, hao watoto uliwauliza?" Torgunn akavua miwani. Kisha akasema: "Hapana. Katika ripoti zake zote hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa. Na hoja yangu yote ya leo inasimama kwa sharti hilo moja, kwamba wao wasiulizwe." Kisha ukumbi ukaibomoa hoja ile. Mmoja wa wale wanne aliniambia kwamba ulikuwa ndio mhadhara uliomfanya awe mwalimu.

Nusu ile haikuwekwa mtandaoni. Iliwekwa nusu ya kwanza peke yake. Na haikuwa na maandishi ya tahadhari.

Eilif alikuwa ameyaondoa maandishi yale miaka miwili kabla, kwa rekodi zote. Hilo hakatai. Chuo kilibadilisha sura ya tovuti, na takwimu zilionyesha kwamba watu wakikutana na maandishi marefu wanafunga na kwenda zao. Bila maandishi, walikaa. Idadi ya watazamaji ilipanda, na pamoja nayo ikapanda nafasi ya Eilif chuoni. Hakumwambia Torgunn.

Mtauliza: Torgunn hakuona? Hakuona, kwa sababu hakuwahi kutazama hata rekodi moja. Sisi wa hapa tunaelewa. Umelelewa kwamba usijione bora kuliko wenzako. Mtu anayekaa sebuleni kujitazama akizungumza ni mtu wa kuchekwa. Synne alimwambia mara kwa mara, "Mama, tazama basi hata mmoja." Alijibu, "Nimekwisha kujisikia nilipokuwa nasema. Inatosha." Tunaiita staha. Katika jambo hili, staha ilimpofusha.

Ravna alikuwa akikunja mashuka.

"Nilisubiri aseme 'lakini'," aliniambia. "Nilijua lazima aseme 'lakini'. Mama yangu alilala bweni lile. Alipigwa kwa sababu ya neno moja, alikuwa anaomba maji. Nikasubiri. Mhadhara ukaisha."

Hakuandika swali siku hiyo. Hakuandika tena. Torgunn alidhani amechoka, au anaumwa.

Miaka miwili baadaye, katika mji mmoja wa kaskazini, watu walikuwa wakibishana juu ya vibao vya barabarani vya lugha mbili, Kinorwei na Kisami. Mtu mmoja akakata kipande cha mkaguzi wa shule na kukirusha mtandaoni. Kilikuwa na sura ya msomi, jina la chuo, na maneno "wema unaouma". Wapinzani wa vibao walikishangilia. Wasami walikisikia wakiwa kwenye mabasi, madukani, watoto wao wakiwa karibu. Torgunn alikijua kipande hicho Synne alipomwekea simu mezani.

"Alikitazama mpaka mwisho," Synne alisema. "Kisha akauliza, 'Maandishi yako wapi?' Si kwamba alilia. Aliuliza tu hivyo. Maandishi yako wapi."

Alimpigia Eilif. Eilif akasema tovuti ilibadilishwa, mambo ya mafundi, usijali. Torgunn akasema, "Basi toa nusu ya pili. Wanaosikika tutawaomba idhini, mimi nitawatafuta mmoja mmoja." Eilif akasema atalishughulikia.

Siku chache baadaye uongozi wa chuo uliwaita wote wawili. Kulikuwa na kahawa mezani, kama kawaida. Mkuu wa kitivo aliuliza kama ipo rekodi ya nusu ya pili. Eilif akajibu kwamba haipo. Alisema kamera ilizimwa kila mara watu walipotoka kwenda kunywa kahawa. Kila mara, tangu mwanzo.

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili isipotee. Aliulizwa kama rekodi ipo. Alisema haipo. Ilikuwapo.

"Mama aliniambia jambo moja tu kuhusu kikao kile," Synne alisema. "Alisema, 'Alisema hivyo huku ananisogezea maziwa.'"

Sababu si ngumu kuielewa. Kukiri kwamba rekodi ipo kulikuwa ni kukiri kwamba kwa miaka minane amehifadhi sauti za mamia ya watu bila idhini yao. Na mwezi ule chuo kilikuwa kikitafuta mkurugenzi wa ufundishaji wa mtandaoni. Aliyepewa kazi hiyo ni Eilif Tangvald. Tulimwalika katika kipindi hiki. Alijibu kwamba hana la kuongeza.

Chuo kilitoa tamko kwamba hakikubaliani na kauli za mhadhiri wake. Torgunn alirekodi upya nusu ya pili nyumbani, Synne akishika kamera, akaiweka mtandaoni. Waliomsikiliza walikuwa wachache, na wengi wao walimcheka. "Kabanwa sasa anageuza maneno," waliandika. "Mbona hukuyasema siku ile?" Wanafunzi wake watatu waliandika gazetini kwamba aliyasema siku ile. Waliambiwa wanamtetea mwalimu wao. Kitu pekee ambacho kingemsaidia ni rekodi ya Alhamisi ile, na rekodi ile ilikuwa "haipo".

Alistaafu mapema. Hakufanyiwa sherehe ya kuagwa. Aliiomba isifanyike, na hakuna aliyemsihi.

Nilimuuliza Oddgeir kama dada yake alirudi kuzungumza na Eilif.

"Mara moja. Alikuja kwangu, akanambia, 'Oddgeir, nimekwenda kwake.' Nikamuuliza, 'Kasema nini?' Akasema, 'Kasema hili litapita, watu wanasahau haraka.' Nikamwambia dada, mimi nina mashua, nina kamba, na ghuba ina kina. Akanambia, 'Acha upuuzi, kula.' Lakini yeye mwenyewe hakula."

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Torgunn aliweza kumfikia bila chuo. Mwaka uliofuata alipanda ndege, kisha basi, akaenda Karasjok. Aliuliza nyumba ya Ravna Guttorm dukani, akaonyeshwa. Sehemu hii ninayo kwa maneno ya Ravna.

"Nilifungua mlango, namwona mwalimu wangu amesimama kwenye theluji na viatu vya mjini. Nilimjua kwa sauti aliposema jina langu. Akasema, 'Nimekuletea ile nusu nyingine.' Nikamwambia, 'Umechelewa, mama. Kahawa ilishapoa zamani.' Akasema, 'Najua. Nitainywa hivyo hivyo.'

"Sikumkaribisha mara moja. Nilimwacha asimame. Nataka useme hilo redioni, nilimwacha asimame. Halafu nikaona vile viatu.

"Nikapika kahawa mpya. Nikatia jibini ndani ya kikombe kama tunavyofanya sisi, nikamwekea nyama ya kulungu iliyokaushwa. Akaniambia, 'Mimi ni mkaguzi. Nipinge.' Nikasema, 'Hapana. Mimi sichezi na yule mtu jikoni kwangu. Kaa kama Torgunn.' Hilo hakuwa amelifikiria. Akasema, 'Una haki. Huenda hata ukumbini nilikosea. Huenda kuna watu ambao hawawezi kusubiri mpaka kahawa.' Basi akakaa kama Torgunn. Nikamweleza mama yangu na yale maji. Alisikiliza. Tulibishana mpaka sufuria ya pili."

Nilimuuliza Ravna kama alimwamini.

"Nilimwamini. Lakini nilimwambia ukweli. Nilimwambia, 'Mimi nimekusikia, na mimi ni mmoja. Wale wanaokurusha kwenye simu hawatakuja jikoni kwangu.' Akasema, 'Ndiyo. Nafasi ya kuwafikia hao ndiyo niliyonyang'anywa.'"

Torgunn alirudi nyumbani akaandika mara tatu chuoni kuomba hifadhi ichunguzwe, kwa kuwa alikuwa na uhakika kwamba kamera haikuzimwa. Alijibiwa kwamba suala lilikwishajibiwa na mkurugenzi anayehusika. Mkurugenzi anayehusika alikuwa Eilif. Hakuishi kuona jibu jingine.

Tulimzika Ijumaa. Kanisa lilikuwa nusu tupu. Kisha tukaenda kwenye ukumbi wa kijiji, kama desturi yetu ilivyo: kahawa, keki, mikate iliyopambwa, na maneno ya kumbukumbu. Mnajua utaratibu. Anayetaka kusema hugonga kikombe kwa kijiko, husimama, husema mema, hukaa. Hakuna anayemjibu. Sijawahi, katika maziko yote niliyohudhuria, kusikia mtu akijibiwa.

Eilif aligonga kikombe. Alizungumza vizuri, kwa kuwa alifundishwa na mtu aliyejua kuzungumza. Alisema Torgunn aliufungua mlango wa chuo kwa taifa zima. Alisema mihadhara yake imetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Alisema, "Alikuwa mwalimu wangu, na nilimlinda mpaka mwisho kadiri nilivyoweza."

Oddgeir akasimama. Ni mtu mkubwa, na suti ilikuwa ikimbana.

"Napinga kutoka ukumbini," alisema.

Watu wakadhani ni huzuni. Mchungaji akainua mkono kidogo. Oddgeir hakumtazama.

"Nina swali moja, Eilif. Dada yangu aliliuliza akafa halijajibiwa. Rekodi ya ile nusu ya pili ipo, au haipo?"

Eilif akasema, "Oddgeir, leo si siku yake."

"Yeye hana siku nyingine. Ipo au haipo?"

Nilikuwa nimekaa meza ya pili. Nilimsikia vizuri. Eilif alisema, "Ilikuwapo."

"Iko wapi?"

"Niliifuta."

"Lini?"

"Wiki ile ya kikao."

Oddgeir alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyefika juu ya ngazi akakuta hakuna mlango. Kisha akakaa. Kisha mama mmoja, kutoka upande wa jikoni, akauliza kama kuna anayetaka keki zaidi. Na watu, wasikilizaji wapendwa, wakapitishiana sahani. Nami nilipokea kipande. Eilif alikaa mpaka kikombe chake kikaisha, akavaa koti, akawaaga wenyeji mmoja mmoja kwa mkono, kama ilivyo adabu. Synne hakuutoa mkono wake.

Haya ndiyo tunayoyajua leo. Rekodi ya nusu ya pili ilikuwapo na imefutwa. Maandishi ya tahadhari yalikuwapo na yaliondolewa. Tumekiuliza chuo kitafanya nini baada ya kukiri huko. Kimejibu kwamba maneno yaliyosemwa kwenye maziko ni mambo ya faragha ya familia. Familia imeomba mhadhara wa mkaguzi uondolewe mtandaoni, au urudishiwe maandishi yake. Chuo kimejibu kwamba rekodi ni mali ya chuo na kwamba ombi litafikiriwa. Asubuhi ya leo nimeufungua. Upo, bila maandishi, na watu wanaendelea kuutazama.

Kwa Synne, kwa Oddgeir na kwa wote waliokaa katika ukumbi ule siku za Alhamisi, redio yetu inatoa pole za dhati. Kwa Ravna Guttorm, aliyempoteza mwalimu wake mara mbili, pole pia. Na kama ulikuwapo Alhamisi ile ya mkaguzi, ukabaki baada ya kahawa, Oddgeir anaomba umpigie simu umweleze ulichosikia. Hataki sifa za dada yake. Anataka maneno aliyoyasema, hata kama unakumbuka sentensi moja. Wanne wamekwisha kujitokeza. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya arobaini.

Tunaoishi kwa kutangaza sauti za watu, redioni na mtandaoni, tuna la kutafakari pia. Kukata si dhambi, na kila kipindi hukatwa. Hata hiki kimekatwa. Lakini anayekata anajua alichokiacha sakafuni, na msikilizaji hajui. Kwa hiyo deni liko upande mmoja tu.

Katika vipindi hivi huwa tunamaliza kwa kusema kwamba marehemu aliondoka kwa amani na watu wote. Mchungaji alilisema hilo Ijumaa, kabla ya Eilif kugonga kikombe. Jana Synne alinipigia simu. Alisema, "Naomba kitu kimoja. Usiseme Mama alisamehe. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Hakusamehe."

Kwa hiyo sitasema.